Kaka Yangu Hakuwa Mlevi Wala Hakurogwa

Ndugu wasomaji, mimi ni bwana shamba. Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya pamba, mahindi na mbolea. Leo sitaandika juu ya pamba. Nitaandika juu ya kichwa cha mtu. Mtu huyo ni kaka yangu. Nitaeleza pia kosa nililomfanyia.

Nilimwuliza kwanza kama naweza kuandika habari zake. Alinijibu, "Andika. Lakini usiwaambie watu kwamba niliiba." Basi nasema mapema: kaka yangu hakuiba kitu cha mtu.

Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka 6. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyelima na kunilipia karo, mpaka nikapata cheti cha kilimo pale Ukiriguru. Alikuwa mtu wa hesabu. Alikuwa mweka hazina wa chama cha msingi kwa miaka 4, na fedha za wakulima hazikupungua hata siku moja. Alikuwa na maneno machache. Watu wakigombana, walimwita yeye akae katikati yao.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 alikuwa anarudi kutoka mnadani. Alipanda pikipiki kama abiria. Hakuvaa kofia ngumu ya kukinga kichwa. Dereva naye hakuvaa. Kwenye daraja dogo pikipiki iliteleza juu ya mchanga. Dereva alichubuka magoti tu. Kaka alirushwa mbele, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa daraja.

Alilazwa hospitali siku 19. Siku 2 za kwanza hakumjua mtu. Siku ya 3 alifungua macho akaomba uji. Shemeji yangu alilia kwa furaha, na mimi pia. Alirudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Alikumbuka majina yetu wote, hata majina ya ng'ombe. Tulichinja mbuzi. Tulisema, "Amepona."

Mtu mwingine katika mwili ule ule

Miezi 2 ya kwanza tulimwacha apumzike. Mvua zilipoanza tukaona mambo mengine.

Kaka alianza kulima, akaacha katikati ya mstari. Alikwenda kuezeka banda la kuku, akaacha nusu. Alikwenda kisimani akarudi bila maji, ameshika kuni 2 mkononi. Akiulizwa, hakuwa na jibu.

Alianza kusema kila kitu kilichomjia kichwani. Katika mkutano wa kijiji alimwambia mzee mmoja mbele ya watu kwamba anavaa koti la kuazima. Kweli koti lilikuwa la kuazima. Lakini nani husema hivyo mkutanoni? Katika msiba wa jirani alicheka. Hakumchukia marehemu. Aliona kuku amepanda juu ya jeneza, akacheka kwa sauti, na hakuweza kuacha.

Akikasirika, hasira ilipanda kama moto wa nyasi kavu. Dakika chache baadaye ilikwisha, naye aliuliza kwa nini watoto wanalia.

Watu walisema mengi. Wengine walisema, "Amekuwa mlevi." Kaka hajaonja pombe tangu mwaka 2003. Wengine walisema mke wake ndiye aliyemharibu. Wengine walikwenda kwa mganga wa kienyeji, na kidole kikaelekezwa kwa mama mmoja mzee, mjane, jirani yetu. Sababu ilikuwa nini? Macho yake ni mekundu. Mama huyo amepikia kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka zaidi ya 40. Macho ya nani yatabaki meupe?

Ndugu wasomaji wa upande wetu mnajua kwamba neno kama hilo si la mchezo. Wazee wameuawa kwa neno kama hilo. Yule mama alisikia maneno, akaondoka usiku kwenda kwa mwanawe kijiji kingine. Aliacha mihogo yake shambani. Mimi nilikuwa na cheti. Nilikuwa naheshimiwa. Ningesema neno moja, watu wangenisikiliza. Nilinyamaza.

Halafu kaka akauza maksai. Alikuwa na maksai 4. Alimpeleka mnadani yule mwekundu, aliye bora kuliko wote, akamwuza kwa shilingi 200,000. Siku hiyo maksai wa namna ile alikuwa na bei zaidi ya mara 2. Fedha hizo zilikuwa zinangojewa kwa ada ya sekondari ya binti yake. Kaka alirudi jioni na redio mpya na shilingi 14,000. Nyingine alikuwa amewanunulia watu soda.

Nilimwuliza, "Kaka, ulijua fedha hizi ni za nini?"

Akajibu, "Za ada ya mtoto."

"Sasa kwa nini ulinunua redio?"

"Niliiona."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga kaka yangu mkubwa, aliyenisomesha, mbele ya wanawe. Hakurudisha. Alishika shavu lake akanitazama kama mtu asiyejua amekosa nini.

Swali ambalo hatukuuliza

Mwezi uliofuata nilimpeleka hospitali ya mkoa. Nitasema kweli, sikumpeleka ili atibiwe. Nilitaka karatasi ya daktari ya kusema kwamba hawezi tena kusimamia mali, ili ukoo umnyang'anye mashamba.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri. Kabla sijamaliza mashtaka yangu, aliuliza, "Alipoanguka, aligonga wapi?"

Nikaweka kidole kwenye paji la uso wangu.

"Na kabla ya hapo alikuwa na tabia hizi?"

"Hapana. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuigwa."

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya kaka. Akamwambia, "Baba, tucheze kidogo. Nikigonga meza mara 1, wewe gonga mara 2. Nikigonga mara 2, wewe usigonge. Umeelewa?"

Kaka alisema ameelewa. Daktari akamwambia aeleze sheria ya mchezo. Kaka akaeleza vizuri, bila kukosea.

Daktari akagonga mara 1. Kaka akagonga mara 2. Sawa.

Daktari akagonga mara 2. Kaka akagonga mara 2. Alitazama mkono wake, akasema, "Hapana, nimekosea." Wakarudia. Daktari akagonga mara 2. Kaka akagonga tena. Wakarudia mara 10. Kila mara alijua amekosea, na kila mara mkono ulitangulia.

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Kaka alijua sheria. Aliweza kuisema. Kilichokosekana kilikuwa kile kinachosema "ngoja". Maksai wangu mwekundu, yaani wake, aliuzwa hivyo hivyo. Alijua fedha ni za ada. Aliona redio. Mkono ulitangulia.

Ubongo ukoje?

Daktari alinieleza kwa muda mrefu, na mimi nitaeleza kwa namna yetu ya kijijini.

Ndugu msomaji, umewahi kupasua kichwa cha mbuzi? Ndani umeona kitu laini, cha rangi ya kijivu na nyeupe, chenye mikunjo mikunjo. Kimegawanyika pande 2, kulia na kushoto. Kwa nyuma, chini, kuna kipande kingine kidogo chenye mikunjo ya karibu karibu. Chini kabisa kuna kama shina, linaloshuka na kuingia ndani ya uti wa mgongo. Huo ndio ubongo. Wa kwetu una sehemu hizo hizo, lakini ni mkubwa zaidi. Wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na robo hivi, au zaidi kidogo. Na sehemu yetu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ni kubwa sana kuliko ya mbuzi.

Kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hutoka nyuzi nyingi zinazokwenda mwilini kote. Tunaziita mishipa ya fahamu. Si mishipa ya damu. Hizi hupeleka habari. Zile za haraka kabisa zaweza kupeleka habari urefu wa uwanja wa mpira kwa sekunde 1 tu.

Lile shina la chini hutunza pumzi na mapigo ya moyo. Ukilala usingizi, lenyewe halilali. Kile kipande kidogo cha nyuma hunyoosha mwendo wako na kukufanya usimame sawasawa. Pombe ikifika hapo, mtu huyumba na kukosa njia. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huamrisha wa kushoto. Ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi upande mmoja wa kichwa hulemaa upande mwingine wa mwili. Jambo hilo lilinishangaza sana, na mpaka leo nikiliwaza bado nashangaa.

Kuna mambo ambayo mwili hufanya kabla hujafikiri. Ukigusa chungu cha moto, mkono hurudi wenyewe. Habari ya moto imefika kwenye uti wa mgongo, na amri ya kurudisha mkono imetoka hapo hapo. Ubongo unapata habari baadaye kidogo, ndipo unasema "Aa!" Vile vile ukikanyaga kamba gizani, unaruka kwa kudhani ni nyoka. Ndani ya ubongo, chini chini, kuna kiini kidogo chenye umbo la kungu ambacho kazi yake mojawapo ni hofu. Hicho hakingoji uhakikishe. Kingengoja, wengi wetu tungekwisha kuumwa.

Sasa tuje kwenye sehemu ya mbele. Hii ndiyo iliyoumia kwa kaka.

Fikiria unalima kwa plau. Maksai wana nguvu. Nyuma kuna mtu ameshika mikono ya plau. Mbele kuna mtoto ameshika kamba, anawaongoza. Mtoto huyo hana nguvu hata robo ya nguvu za maksai. Wakitaka kumkanyaga watamkanyaga. Lakini yeye akiondoka, nini kitatokea? Maksai wataona majani mabichi pembeni, watakwenda. Wataona mahindi ya jirani, watakwenda. Nguvu zao bado zipo. Plau ni nzima. Anayeshika plau anapiga kelele. Shamba haliendi.

Njaa, hasira, hofu na tamaa ni maksai wetu. Tunazihitaji. Mtu asiye na njaa hatalima, na asiye na hofu hataishi. Ubongo wa mbele ndio yule mtoto wa kamba. Yeye husema, "Ngoja kwanza." Husema, "Usicheke, huu ni msiba." Husema, "Fedha hizi ni za ada." Husema, "Maliza mstari huu ndipo uende kisimani." Mfano wangu haufiki kila mahali, maana ubongo hufanya kazi pamoja na sehemu zake zote. Lakini mimi ulinitosha kuelewa.

Daktari alinieleza jambo jingine. Ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Fuvu kwa mbele, chini, juu ya macho, halikulainika ndani. Lina matuta. Kichwa kikigonga kwa nguvu, ubongo huteleza na kukwaruzwa hapo. Kwa nje jeraha hupona na kovu huonekana dogo. Kwa ndani mtoto wa kamba amevunjika mguu, na hakuna anayemwona.

Mambo haya yalionekana zamani

Daktari aliniambia kwamba kaka si wa kwanza. Alinisimulia habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake Phineas Gage. Baadaye nilitafuta na kusoma habari zake mwenyewe.

Gage alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wa kujenga reli katika jimbo la Vermont. Alikuwa na miaka 25. Watu walimsifu kwa akili na bidii. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish, alikuwa anashindilia baruti ndani ya shimo la mwamba kwa nondo ya chuma. Nondo hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6. Baruti ikalipuka. Nondo iliingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ikapita nyuma ya jicho, ikatokea juu ya kichwa, ikaanguka mbali.

Gage hakufa. Baada ya muda mfupi alikuwa anaongea. Alipanda gari la ng'ombe akiwa ameketi wima, akapelekwa mjini. Daktari aliyeitwa John Harlow alimtibu kwa wiki nyingi, na jeraha likapona. Alipoteza jicho moja.

Lakini rafiki zake walisema amekuwa mtu mwingine. Alianza kutukana ovyo. Alipanga mipango mingi na kuiacha mara moja. Hakuheshimu watu. Waajiri wake, waliomsifu zamani, hawakumpa tena kazi ya usimamizi. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Niliona kama wameandika habari za kaka.

Lakini habari za Gage hazikuishia hapo, na sehemu ya mwisho ndiyo iliyotusaidia sisi. Mwaka 1852 Gage alikwenda nchi ya Chile. Huko alifanya kazi ya kutunza farasi na kuendesha gari la abiria linalovutwa na farasi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka karibu 7. Fikiria mtu ameshika kamba za farasi kadhaa kwa pamoja, abiria wamo ndani, na njia ina milima. Mtu asiye na akili hawezi. Kwa sababu hiyo wako wataalamu wa leo wanaosema kwamba Gage alirudi kuwa na nafuu kubwa. Wanadhani kazi yenyewe ilimsaidia, maana kila siku ilikuwa na saa zile zile, njia ile ile na mambo yale yale kwa mpango ule ule. Alifariki mwaka 1860 huko California, baada ya kupata kifafa. Fuvu lake na ile nondo vimehifadhiwa mjini Boston.

Bwana shamba aliyesahau kazi yake

Usiku ule nililala kwenye nyumba ya wageni mjini na sikupata usingizi. Nilifikiria kazi yangu.

Nikiona mahindi yamekuwa ya njano, je, nasema mahindi haya ni mavivu? Nayachapa kofi? Nauliza: mbolea iliwekwa lini? Maji yanasimama hapa? Mwaka jana ulipanda nini? Nachimbua mzizi niutazame. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa miaka 2, na kwa mahindi naifanya vizuri. Kwa kaka yangu, aliyenilipia masomo hayo, sikuuliza hata swali moja.

Sisemi kwamba kila mtu mwenye tabia mbaya ameumia ubongo. Wako watu wana ubongo mzima kabisa, na mizani yao ya pamba imepunguzwa. Hao wapelekwe panapostahili. Nasema juu ya mtu aliyekuwa mwema, halafu baada ya kuanguka, au homa kali ya kichwa, au kiharusi, akabadilika. Huyo mwulizie. Na watoto wetu wakubwa tuwavumilie kidogo, maana wanasema ubongo wa mbele huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine, mpaka miaka 25 hivi. Nilipokuwa na miaka 17 nilipanda juu ya lori la pamba likiwa linakwenda, kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama.

Na kama mtu amegonga kichwa leo, msingoje. Akitapika tena na tena, akisinzia asiamke vizuri, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu ama maji meupe yakitoka puani au masikioni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hata akisema yeye ni mzima.

Tulivyofanya

Daktari hakutoa dawa ya kurudisha ubongo ulioumia. Alisema haipo. Alitoa vidonge kwa ajili ya kifafa, maana kaka alikuwa ameanguka mara 2 usiku na shemeji alituficha kwa hofu ya maneno ya watu. Vidonge hivyo anakunywa kila siku mpaka leo. Pombe alikatazwa kabisa, lakini hilo halikuwa tatizo kwake. Mambo mengine yalikuwa ya sisi kufanya.

Tuliambiwa siku yake iwe na mpango ule ule. Anaamka saa 12. Anafungua ng'ombe. Anakunywa uji. Anakwenda shambani na mtu, si peke yake. Anapewa neno 1 kwa wakati 1. Ukimwambia, "Fungua ng'ombe, halafu pitia dukani, halafu mwambie fundi aje," umempoteza. Mwambie, "Fungua ng'ombe." Akirudi, mpe la pili.

Fedha anatunza shemeji. Kaka mwenyewe alikubali mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mashamba yakabaki kwa jina lake. Akikasirika, hatubishani naye. Tunatoka nje na kungoja.

Kazi kubwa ilikuwa ni plau. Daktari alisema kazi ambazo mtu amezifanya miaka mingi hukaa sehemu nyingine, ndani zaidi, na mara nyingi haziharibiki kwa ajali ya namna hii. Kweli. Kaka akishika mikono ya plau, mstari unanyooka kuliko wangu. Kinachomshinda ni kujua wapi aanze na lini aache. Kwa hiyo mwanawe wa kiume anatangulia mbele na kamba. Anaongoza maksai, na nafikiri anamwongoza baba yake pia.

Ilichukua miaka. Mwaka wa kwanza nilikata tamaa mara nyingi. Shemeji alirudi kwao mara 1, akakaa wiki 3. Sikumlaumu. Mwaka wa 3 kaka alianza kumaliza shamba zima bila kuambiwa aendelee. Mpaka leo bado husema maneno yasiyofaa mkutanoni. Watu wamezoea. Wengine, nadhani, wanapenda kusikia yeye akisema wasiyothubutu kusema. Uweka hazina hakurudishiwa, na hatarudishiwa.

Binti yake tulimlipia ada mimi na mjomba wake. Alimaliza. Redio ile bado ipo, na kila jioni tunasikilizia taarifa ya habari.

Tuliporudi kutoka hospitali niliomba nafasi katika mkutano wa kijiji. Nilieleza niliyoyaeleza hapa, kwa mfano wa kichwa cha mbuzi. Nilichukua kichwa chenyewe, nikakipasua juu ya meza. Watoto walisogea karibu kuliko wakubwa. Kisha nikasema kwamba yule mama mzee hakuhusika na jambo lolote, na kwamba mimi nilijua hivyo tangu mwanzo na nilinyamaza. Kusema maneno hayo ya mwisho kulikuwa kugumu kuliko kupasua fuvu.

Mama alirudi baada ya miezi 7. Mihogo yake ilikuwa imeliwa na ngiri. Nilimpelekea mbegu na nikamlimia. Alipokea. Ananisalimia vizuri tukikutana njiani. Lakini nikimkaribisha nyumbani kwangu, anasimama mlangoni, anashukuru, na kwenda zake.

Kaka naye nilimwomba radhi kwa lile kofi. Alisema halikumbuki. Shemeji aliniambia baadaye kwamba analikumbuka.

Nikimtembelea siku hizi tunakaa chini ya mwembe. Kabla ya chakula kufika, mimi hugonga ubao wa kiti mara 1. Kaka hugonga mara 2. Halafu mimi hugonga mara 2. Hapo yeye huukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaubana kwa nguvu juu ya goti, na kunitazama akicheka.